Ni Mguu Tu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kanana, mke wa baba yangu mdogo. Wageni walipokwisha kuondoka na mahema kushushwa, binti yake Karimi na mimi tulibaki jikoni tukisugua masufuria ya kuazima. Karimi ana mvi sasa, na akitaka kuinuka hushika kiuno kwanza, kama mimi. Tulikuwa tukiwakumbuka watu waliopita katika ile nyumba yao ya zamani, mtaa wa Majimbo mjini Embu, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Cucu naye si alikufa kwa kuanguka? Mimi ndivyo huwa nawaambia watoto wangu." Nilimwambia hapana, Cucu, bibi yetu, hakufa kwa kuanguka. Aliacha kusugua akanitazama. "Sasa alikufa na nini?" Mwaka Cucu alipoletwa mjini, Karimi alikuwa mtoto wa nasari, na nyanya anayemkumbuka ni mwanamke aliyekaa kitini siku nzima. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nilitumwa Majimbo nikae na bibi yangu. Nilimwona akiingia mle ndani akitembea, na niliona mambo yote yaliyofuata.

Mimi ndiye niliyepewa jina lake, Ciarunji, kwa hiyo hakuniita mjukuu, aliniita Wajina. Kwake kulikuwa Ishiara, kwenye joto na vumbi, ambako watu hupanda mwele na mtama kwa sababu mahindi hayavumilii. Aliishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Kila asubuhi alishuka mtoni, akapanda na debe la maji mgongoni, kamba kichwani, miguu peku juu ya mawe yanayobingirika, na sikuwahi kusikia kwamba aliteleza hata siku moja. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini njia zile alizijua kwa nyayo. Mvua ilipokosekana misimu miwili, Baba Mdogo Nyaga alikwenda kumtazama akamkuta amekonda, mbuzi wamebaki wachache, na juu ya paa lake kuna shimo. Cucu mwenyewe alinisimulia maneno waliyoambiana. "Aliniambia, Mama, hapa siku moja utaanguka na hakuna mtu atakayejua. Nikamwuliza, nianguke kutoka wapi? Mimi niko chini tayari." Alikuwa akicheka aliponisimulia. Hata hivyo alifunga nguo zake kwenye leso akaja, kwa sababu mwanawe alikuwa amelia mbele yake, na yeye hakuweza kustahimili kumwona mwanamume mzima akilia.

Nyumba ya Majimbo ilikuwa ya mawe, na ndiyo iliyokuwa fahari ya Mama Kanana. Alikuwa mtu wa Imenti, kule Meru ambako kuna ukungu asubuhi na migomba nyuma ya kila nyumba, na alifundisha shule ya msingi. Kila Jumamosi tulisogeza viti, tukapiga magoti yeye na mimi, tukapaka sakafu ile rangi nyekundu ya kopo, kisha tukaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka madirisha yakaonekana ndani yake. Nikinusa rangi hiyo leo mahali popote, magoti yangu huuma. Mlangoni pa sebule aliweka mkeka mdogo alioufuma kwa nyuzi za rangi. Alimnunulia Cucu viatu vya plastiki, vile vya kupitisha kidole, maana sementi ilikuwa baridi na Mama Kanana hakutaka mama mkwe wake apate kikohozi. Nayasema haya kwa sababu watu wa ukoo walikuja kumsema vibaya baadaye. Huyo mama alimpenda Cucu. Alimpikia mukimo, ndizi zilizopondwa laini, akampa kiti cha karibu na jiko, na alipogundua kwamba mgeni wake anakula kwa adabu tu huku roho ikitamani nthoroko, zile kunde ndogo za Mbeere, alianza kuagiza zitoke soko la Kiritiri kila wiki. Cucu alizila kwa mkono, akifumba macho, akitafuna upande mmoja wa mdomo. "Huyu mke wa Nyaga," aliniambia, "ana moyo. Ila nyumba yake ni kama sahani iliyopakwa mafuta."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, tukijitayarisha kwenda kanisani. Nilikuwa jikoni nikimimina chai kwenye thamosi. Choo kilikuwa nje, na Cucu alikuwa akitoka chumbani kwenda huko, anaharakisha kidogo kama wazee wanavyoharakisha wakibanwa. Nilisikia mshindo, kama gunia la mtama lililoachiwa kutoka begani. Hakupiga kelele. Nilipofika sebuleni alikuwa amelala ubavu, mkeka umejikunja chini yake, kiatu kimoja kimeruka mpaka chini ya kabati la vyombo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka nje, unyayo ukitazama ukuta, na ulionekana mfupi kuliko mwenzake. "Kitambaa kimenivuta," alisema kwa mshangao, kama mtu aliyesukumwa na rafiki. Baba Mdogo alitoka na tai mkononi. Alijaribu kumwinua kwa kumshika kwapani, na hapo ndipo Cucu alipolia, sauti ambayo sikujua kama anayo. Jirani mmoja mwenye pikapu alitupeleka hospitali, Cucu akiwa juu ya godoro, nami nimemshika mguu usitikisike. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Walimlaza wodini na mguu ukavutwa kwa kamba na uzito ulioning'inia miguuni pa kitanda. Siku hizi huenda wangempasua na kuweka chuma. Wakati ule, kwa mtu wa umri wake, waliuvuta tu na kungoja. Alingoja majuma mengi, chali, akitazama dari. Nilikuwa nikimpelekea uji kila asubuhi, nikampangusa mgongo na kumgeuza kidogo kwa msaada wa nesi, lakini vidonda vilimshika hata hivyo. Wageni walikuja kwa makundi. Walikuja wanawake wa kanisa, majirani wa Majimbo, watu wa Ishiara waliopanda basi la alfajiri na mayai kwenye vikapu. Wote walisimama kando ya kitanda, wakaomba, kisha wakasema jambo lile lile. "Tumshukuru Mungu, ni mguu tu." Mama mmoja aliyekuwa amempoteza mume kwa ajali ya lori aliniambia koridoni, "Mwanangu, wengine wetu tungepewa mguu tungecheza ngoma." Baba Mdogo alikuwa akiitikia, "Kweli kabisa, ni mguu tu." Cucu naye aliitikia mwanzoni. Baadaye aliacha kuitikia, na wageni wakifika alijifanya amelala. Alasiri moja, walipokuwa wameondoka, alifungua macho akaniuliza, "Wajina, hawa watu wanafikiri mimi hutembea na nini?"

Siku aliporuhusiwa kutoka, kijana aliyekuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi alituketisha Baba Mdogo, Mama Kanana na mimi. Alisema mfupa umeunga, ingawa mguu ule utabaki mfupi kidogo, na kwamba mzee akishaanguka mara moja yuko karibu zaidi na kuanguka tena. Akatueleza cha kufanya. Tuondoe mikeka. Sakafu isipakwe rangi. Apewe viatu vinavyofunga nyuma ya kisigino. Kitanda na kiti viwe vya kimo cha magoti yake ili asijivute kutoka chini. Kuwe na kitu cha kushika ukutani, na choo cha karibu, na taa. Akaguliwe macho. Zaidi ya yote, atembee kila siku, hata kama ni kidogo, maana miguu isiyotumika hufa ikiwa hai. Hayakuwa mambo makubwa. Nakumbuka Mama Kanana akimtazama yule kijana huku mikono yake imefumbatana mapajani. Alipofika nyumbani alikunja mkeka wake, akautia chini ya kitanda, akachemsha maji ya magadi, na mimi na yeye tukapiga magoti tena, safari hii tukiing'oa ile rangi. Tulisugua siku nzima. Sakafu ilibaki na mabaka, kijivu na nyekundu, kama ngozi yenye ugonjwa.

Baba Mdogo alileta fundi akapigilia fito ukutani, kutoka chumba cha Cucu, kupita sebuleni, mpaka mlango wa nyuma. Fundi yuyo huyo alitengeneza kitembezi cha mbao chenye miguu minne, kizito kama kitanda cha mtoto. Nilimfundisha Cucu kama nilivyoonyeshwa: sogeza mbao, peleka mguu mbovu, kisha mzima. Alitukana kwa Kimbeere kila hatua. Lakini ulikuwepo mwezi mmoja, na ni lazima niukumbuke huo nao, ambapo tulianza kuamini. Alifika dirishani. Akafika mlangoni. Asubuhi moja niliamka nikamkuta amesimama nyuma ya nyumba, kashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, anazungumza na kuku wa jirani. Mama Kanana alipika chapati siku hiyo, na Karimi mdogo akawa anazunguka sebuleni akiigiza mwendo wa kitembezi, sote tukicheka, Cucu kuliko wote. Kwa daktari wa macho hatukumpeleka. Mtaalamu alikuwa Nairobi, safari ilikuwa ndefu, tukasema aimarike kwanza.

Jambo ambalo hatukuliweza ni aibu. Nilikuwa nimemwekea chombo cha kujisaidia kando ya kitanda, chenye kifuniko, na kila siku nilikikuta kikavu. "Nikojoe ndani ya nyumba ya mwanangu kama mtoto mchanga?" aliniuliza. "Na Nyaga apite hapo mlangoni asikie?" Kuoga nako kulikuwa vivyo hivyo. Alikubali nimwogeshe, kwa sababu mimi ni wajina wake, mwili wangu na wake ni mmoja kwa hesabu ya kwetu, lakini alitaka iwe Nyaga hayupo. Jumamosi moja Mama Kanana alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akaenda na Karimi. Mimi nilikuwa sokoni, na Cucu alijua nitamwogesha nikirudi. Baba Mdogo alifika mapema kutoka kazini. Cucu alimsikia akiingia, akafikiri kwamba sasa siku itapita bila kuoga, na kesho ni kanisa. Mwanawe alipojinyoosha kitandani, yeye alijikokota na kitembezi chake mpaka bafuni, nyuma ya nyumba, akakiacha nje kwa kuwa hakikutosha mlangoni, akavua nguo, akaanza kujimwagia maji.

Nilipofungua lango la nyuma nilimkuta Baba Mdogo amesimama mbele ya mlango wa bafu, ameupa mgongo. Alikuwa ameshika koti lake mkononi na uso wake ulikuwa umelowa. "Ingia wewe," aliniambia. "Amenikataza." Kutoka ndani nilisikia sauti ya Cucu, dhaifu lakini ya amri, "Nyaga, usigeuke! Mimi ni mama yako!" Nilimkuta sakafuni, uchi, amelalia mkono wake wa kushoto, sabuni bado iko nywelini. Maji yalikuwa yamekwisha kupoa, na alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Nilimfunika leso yangu, nikamvuta kichwa mapajani mwangu. Baba Mdogo aliniambia, akiwa bado amegeukia ukuta, kwamba alisikia anguko, akakimbia, akakatazwa kuingia. Akasema anakwenda kuwaita wanawake wa jirani, akakatazwa hilo pia. "Alisema nisilete watu waje wamwangalie. Nimempitishia koti juu ya mlango, akasema halimfikii." Alikuwa amesimama hapo muda wote, wakizungumza kupitia mbao. Nilimwuliza Cucu walikuwa wakizungumza nini. "Nilikuwa nikimwambia asilie," alisema. "Tangu utotoni analia upesi."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Walikifunga plasta tukarudi nyumbani siku ileile, na wageni walipokuja walisema ni mkono tu. Daktari naye hakuona sababu ya wasiwasi, nyonga ilikuwa salama. Mkono ukapona. Lakini kitu kilikuwa kimevunjika ambacho picha ya hospitali haikukionyesha. Nilipomletea kitembezi, plasta ilipotolewa, alikitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemuuma. Alisimama, akashika, na nikaona magoti yake yakianza kutetemeka, jasho likimtoka juu ya mdomo. Akakaa. Kesho yake hakusimama kabisa. Nami nilimbembeleza, nikamkanya, nikamwimbia. Yule kijana wa mazoezi alikuja mwenyewe akamshika kiunoni, na Cucu akamng'ang'ania shingoni akipiga kelele kwamba sakafu inamjia. Hakuna dawa tuliyopewa ya hilo.

Tangu hapo nyumba nzima iligeuka mlinzi. Asingeweza kujisogeza kitini bila sauti kutoka chumba kingine, "Cucu, kaa chini, utaanguka!" Baba Mdogo alisema hivyo, Mama Kanana alisema hivyo, Karimi alijifunza kusema hivyo kwa kidole juu. Hata mimi. Tulimwekea mto kulia na mto kushoto, na Baba Mdogo alimfunga leso kiunoni, akaifundika nyuma ya kiti, kwa upole sana, akimwomba msamaha. Chombo cha kujisaidia alikubali sasa. Alikubali kila kitu. Nthoroko zikaja kutoka Kiritiri zikabaki sahanini. Jioni moja nikiosha vyombo niliwasikia mume na mke sebuleni, sauti zao chini. "Watu wa kwenu wanasema ni sakafu yangu," Mama Kanana alisema. "Waache waseme." "Na wewe unasemaje, Baba Karimi?" "Mimi ndiye niliyemtoa kule. Nilimtoa ili asianguke." Kisha nikasikia kiti kikisukumwa, na Mama Kanana akisema kitu kwa Kimeru, taratibu, kama anavyosema na mtoto aliyeumia, na sikusikiliza zaidi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mvua ilinyesha Ishiara vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na mimi nikaitwa chuo kule Meru. Cucu alikuwa ameomba nyumbani mwaka mzima. Kila nilipomfunika alisema, "Wajina, nirudishe kwangu nikanyage mchanga." Kwa hiyo kabla sijaondoka Baba Mdogo aliazima lile pikapu, tukambeba na kiti chake, tukashuka naye mabondeni. Njia yote alikuwa akinusa. Tulimweka uani kwake, kwenye kivuli cha ghala, na Baba Mdogo akafungua ile leso akaitupa garini. Mwele ulikuwa umesimama, umeinamisha vichwa, ndege wakiushambulia. Majirani walikuja. Akaja Igoki, mwenzake wa rika moja, ambaye walitahiriwa msimu mmoja, amebeba mzigo wa kuni mgongoni. Aliutua, akacheka, akamshika mikono yote miwili. "Ciarunji! Umenenepa kama mke wa chifu. Inuka twende tukafukuze ndege." Cucu alitazama miguu yake iliyokuwa juu ya mchanga. Nilimvua viatu. Igoki alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, na tukamwambia sote, polepole, hapa hakuna sementi, hapa ni kwako. Alipeleka uzito mbele. Nilihisi msuli wa mkono wake ukikaza. Kisha alitazama ua wote, mchanga mtupu mpaka kwenye uzio wa miba, mahali alipotembea maisha yake yote, akaanza kutetemeka kama siku ile bafuni. "Hapana," alisema. "Niacheni. Nyaga, washa gari." Igoki alidhani ni mzaha. Baba Mdogo alimwuliza kama anataka maji, kama anataka kuingia ndani. Alimjibu bila kumtazama, "Nataka kwenda kitandani kwangu, Majimbo."

Tulirudi kabla jua halijawa kali. Mama Kanana, ambaye hakutegemea kutuona mapema vile, alitupikia mukimo, na Cucu alikula sahani yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Kila mtu alifurahi. Baba Mdogo aliomba baada ya chakula, akamshukuru Mungu kwa kumrudisha mama salama, na nikamwona Cucu akitikisa kichwa kuitikia, mikono yake imelala mapajani, leso imefundikwa tena nyuma ya kiti. Juma lililofuata nilikwenda chuo. Nilikuwa nikija kila likizo na kumkuta pale pale kitini, safi, amepakwa mafuta, nywele zimenyolewa, akiniuliza Meru kuna mvua. Aliishi miaka mingi hivyo, mingi kuliko tulivyodhani mwili wake unaweza. Yote tuliyoagizwa hospitali yalibaki kama tulivyoyaweka, na majirani waliwasifu Nyaga na mkewe kwa kumtunza mzee, kwa sababu ni kweli kwamba hakuanguka tena.